Hadubini Moja, Maabara Nyingi: Namna ya Kuendesha Chumba cha Hadubini cha Pamoja Chuoni

Katika idara nyingi za biolojia za vyuo vikuu vyetu hali inafanana. Kwenye maabara ya mazoezi wanafunzi watano wameizunguka hadubini moja ambayo skrubu zake zimelegea na lenzi yake ya 40 imeshikwa na ukungu. Ghorofa ya juu, ndani ya kabati lenye kufuli, imelala hadubini nzuri yenye kamera, iliyonunuliwa na mradi uliokwisha zamani. Ufunguo anao profesa, na profesa yuko safarini. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mradi ulinunua chombo kwa kazi yake, kazi ikaisha, chombo kikabaki hakina mwenyewe.

Mwongozo huu namwandikia fundi sanifu wa maabara, mhadhiri kijana au mkuu wa idara anayetaka kuvitoa vyombo hivyo kabatini na kuviweka katika chumba ambacho mtafiti na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wote wataingia. Naizungumzia zaidi hali ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, maana joto na unyevu wa pwani ndio unaotusumbua kuliko kitu kingine. Walioko Dodoma au Nairobi wapunguze ninayosema kuhusu unyevu, waongeze kuhusu vumbi.

Katika yote yanayofuata, moja nalishikilia sana: kila hadubini ya pamoja iwe na mtu mmoja, mwenye jina linalojulikana, anayeulizwa habari zake.

Hatua ya kwanza: fungua makabati yote

Anza na ukaguzi, na uufanye kwa mikono yako. Rejesta ya mali inahesabu vyombo. Haisemi vingapi vinaonyesha kitu. Mwombe mkuu wa idara barua fupi ya ruhusa, kisha pita chumba kwa chumba pamoja na wenye funguo. Kwa kila hadubini andika kampuni iliyoitengeneza, namba ya kiwandani, aina ya balbu, hali ya waya na plagi, na maandishi yote yaliyo ubavuni mwa kila lenzi.

Maandishi hayo yana habari nyingi. Lenzi iliyoandikwa 40/0.65 na chini yake 160/0.17 inakuza mara 40. Namba 0.65 inaeleza uwezo wake wa kukusanya mwanga. Namba 160 ni urefu wa mrija wa hadubini kwa milimita, na 0.17 ni unene, kwa milimita pia, wa kioo cha kufunikia ambacho lenzi hiyo ilitengenezwa kukitegemea. Hadubini nyingi za sasa zina alama ya ∞ mahali pa 160. Aina hizi mbili hazichanganywi. Mara nyingi utaikuta lenzi ya 160 imefungwa kwenye mwili wa hadubini mpya kwa kuwa tu nyuzi za skrubu zimekubali, na wanafunzi wanaambiwa macho yao hayajazoea.

Kuutafuta ukungu ni rahisi. Chomoa lenzi ya jicho, igeuze juu chini, uitumie kama kioo cha kukuzia kuutazama uso wa mbele wa lenzi ya 40 na ya 100 karibu na taa. Ukungu unaonekana kama nyuzi nyembamba zilizotawanya matawi. Mafuta yaliyokauka yanafanana na gundi ya kahawia. Mikwaruzo ni mistari inayong'aa kila ukiigeuza lenzi. Kisha ishike lenzi kuelekea dirishani na uchungulie kwa nyuma: ukungu ulioingia ndani kabisa, kati ya vioo, utauona hapo, na huo hauondoki kwa kufuta.

Gawa vyombo mafungu matatu: vinavyofanya kazi, vinavyotengenezeka, na vya kutolewa vipuri. Fungu la tatu usikubali litupwe haraka. Kondensa safi (lenzi ya chini ya jukwaa inayoelekeza mwanga kwenye slaidi), skrubu ya jukwaa, kioo cha taa, hata kishikio cha slaidi, vyote vitaokoa vyombo vya fungu la pili. Kwa chuo cha umma, fuata utaratibu wa uondoshaji wa mali, lakini vipuri vitoke kwanza na viandikwe.

Hatua ya pili: mteue mtu, kisha zungumza na maprofesa

Mtu huyo kwa kawaida ni fundi sanifu wa maabara. Kazi hii iandikwe kwenye majukumu yake rasmi, ipewe saa zake katika wiki, na awe na mamlaka ya kumwambia yeyote, profesa akiwamo, kwamba leo chombo hakitumiki mpaka kitengenezwe. Fundi asiye na mamlaka hayo anageuka mtunza funguo tu. Mpe na msaidizi, pengine mwanafunzi wa uzamili, ili akiumwa au akienda likizo chumba kisifungwe.

Mazungumzo na maprofesa yanahitaji subira. Mwenye hadubini ya mradi ana hofu ya haki: aliandika maombi ya fedha usiku na mchana, na ameona vyombo vingine vikiharibiwa. Usimwendee na hoja ya kwamba mali ni ya chuo, hata kama ni kweli. Mwendee na makubaliano ya ukurasa mmoja: wanafunzi wake wanapata nafasi ya kwanza kwa saa maalumu kila wiki, jina la mradi linabaki kwenye chombo, hakuna anayeigusa bila kufuzu mafunzo, na matengenezo yanabebwa na chumba badala ya mfuko wake. Hoja ya mwisho ndiyo inayowalainisha wengi, kwa sababu balbu na huduma ya fundi wa kampuni ni gharama isiyo na mlipaji mradi ukishafungwa.

Hatua ya tatu: chumba, unyevu na umeme

Chagua chumba cha chini, mbali na mashine zinazotikisika kama sentrifuji, mbali na sinki na mahali pa kuchemshia kemikali. Meza ziwe nzito. Madirisha yawe na pazia zito upande ambao hadubini ya floresensi, ile inayotazama vitu vinavyong'aa vikimulikwa kwa taa maalumu, itakaa.

Pwani, unyevu wa hewa hukaa juu ya asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na huo ndio unaoufurahisha ukungu wa lenzi. Nunua kipima unyevu, ukitundike ukutani, na msaidizi aandike namba kila asubuhi. Lengo ni kubaki chini ya asilimia 60, na ukifika 50 ni vizuri zaidi.

Wengi wanadhani kiyoyozi kinamaliza shida. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni kinaweza kuiongeza: lenzi zimepoa mchana kutwa, kinazimwa, hewa ya joto yenye unyevu inaingia usiku na kutua kwenye vioo baridi. Kama idara haiwezi kukiacha kikifanya kazi saa 24, basi hadubini ndogo zirudishwe jioni kwenye kabati la joto. Kabati hilo linatengenezwa na fundi seremala yeyote: toboa matundu chini na juu ili hewa ipande, na chini kabisa weka balbu ya nyuzi ya wati 25 au 40 inayowaka muda wote, ikiwa na wavu wa kuizuia isiguswe na karatasi wala kitambaa. Balbu ya LED haifai hapa, haitoi joto la kutosha. Kinachotakiwa ni joto la ndani kuzidi la chumba kwa nyuzi chache tu. Umeme wenu ukiwa wa mashaka, tumia silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu, ndani ya chombo kinachofungika vizuri. Ile ya rangi ya machungwa inageuka kijani ikishiba maji. Iweke kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 110 hivi kwa saa kadhaa mpaka rangi irudi, kisha itumike tena. Masanduku ya mbao na mikoba ya ngozi yaliyokuja na hadubini za zamani yanapendeza, lakini yanatunza unyevu. Yaondoe.

Hadubini kubwa isiyohamishika ifunikwe kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri. Mfuko wa plastiki unazuia vumbi, na kwa Dodoma unafaa sana, ila pwani unafungia unyevu ndani.

Kuhusu umeme, kila chombo chenye kamera, kompyuta au taa ya floresensi kipite kwenye stabilaiza, na kompyuta iwe na UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani mara moja na usubiri. Kinachounguza vifaa mara nyingi ni ule mshtuko wa umeme unaporudi. Andika maneno hayo kwa herufi kubwa juu ya kila soketi.

Kama mna hadubini ya floresensi yenye taa ya zebaki, kuna masharti ya ziada. Ikishawashwa isizimwe kabla ya nusu saa. Ikishazimwa isiwashwe tena kabla ya nusu saa nyingine, hata kama mtafiti ana haraka. Saa za matumizi ziandikwe, kwa sababu taa ya kawaida ya wati 100 huhesabiwa saa 200 hadi 300, na ikizidishwa sana inaweza kupasuka na kumwaga mvuke wa zebaki chumbani. Ikipasuka, wote watoke, madirisha yafunguliwe, na chumba kikae wazi kabla ya mtu kurudi. Ukipata fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu katika hadubini ya floresensi, badilisha taa hiyo uweke ya LED: inawaka papo hapo, inadumu maelfu ya saa, na haina zebaki.

Hatua ya nne: daftari

Kalenda ya mtandaoni inayoonekana na wote inatosha kwa kuweka nafasi, na nakala yake ibandikwe mlangoni kila Jumatatu kwa asiye na bando. Nafasi iwe ya saa mbili mchana, na ndefu zaidi jioni kwa wenye kazi ya floresensi. Asiyefika ndani ya dakika 15 amepoteza zamu yake. Vipindi vya mazoezi ya wanafunzi viingizwe kwanza, mwanzoni mwa muhula, kabla mtafiti yeyote hajaweka jina. Hilo nalisisitiza, kwa sababu mahali ambapo watafiti wanaweka nafasi kwanza, wanafunzi wa shahada ya kwanza hubakiwa na Ijumaa jioni.

Kisha kuna daftari la mezani, lile gumu lenye mistari, moja kwa kila hadubini. Mtumiaji anaandika jina, saa ya kuwasha na kuzima, lenzi alizotumia, saa za taa, na hali aliyoikuta. Safu ya mwisho ni ya hitilafu. Aliyeandika hitilafu asitozwe faini wala kusemwa mbele za watu, hata kama ameisababisha yeye. Ukimtoza mmoja, kuanzia siku hiyo lenzi zitakwaruzwa na mtu asiyejulikana. Fundi alisome daftari kila jioni na aandike pembeni alichofanya kuhusu kila hitilafu, ili walioandika waone kuwa maneno yao yanasomwa.

Hatua ya tano: mafunzo

Gawa mafunzo ngazi tatu. Aliyefuzu ngazi apewe kadi yenye sahihi ya fundi. Cheo chake chuoni hakihusiki. Mhadhiri aliyetoka masomoni Ulaya naye akae kitini na aonyeshe anavyofanya.

Ngazi ya kwanza ni ya kila mwanafunzi, na mwanafunzi afanye kwa mikono yake akiwa peke yake kwenye chombo. Hadubini zikiwa 10 na wanafunzi 60, wagawe makundi sita yapishane, badala ya kuwarundika. Dakika 20 za mtu mmoja akiwa ameshika skrubu mwenyewe zinamfundisha kuliko saa mbili za kuchungulia begani kwa mwenzake.

Anza na ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu kwenye tone la maji na iodini kidogo. Kila mtu anaipata, haina gharama, na kuta za seli zinaonekana wazi. Mwanafunzi aanze na lenzi ya 4 au ya 10, ateremshe lenzi karibu na slaidi huku anatazama kwa pembeni, halafu ndipo aweke jicho na kuirekebisha kwa kuitenganisha lenzi na slaidi. Akifuata mpangilio huo hatavunja slaidi hata moja. Wapo watakaokuambia, "Mwalimu, naona kope zangu tu." Mwambie asogeze kichwa nyuma kidogo, alegeze macho, na arekebishe umbali kati ya lenzi mbili za macho mpaka duara mbili ziwe moja. Mwenye miwani ya kuona mbali au karibu anaweza kuivua na kurekebisha kwa skrubu. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo mbonyeo wake hauko sawa pande zote, abaki nayo.

Baada ya kitunguu, nenda kwenye vitu vya mazingira yenu. Upande wa chini wa jani la Rhoeo, lile ua la bustani lenye majani ya zambarau chini, unaonyesha stomata vizuri sana, na ukidondoshea maji ya chumvi utaona utando wa seli ukijitenga na ukuta. Vyuo vya pwani vina bahati ya planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini: wavu mdogo wa kuvutwa kwenye maji ya bahari asubuhi unaleta darasa zima la kopepodi na diatomu hai, na hakuna slaidi ya kununua inayomshangaza mwanafunzi kama kiumbe kinachoogelea mbele ya macho yake.

Ngazi ya kwanza haiishi mpaka mwanafunzi aweze kuupanga mwanga kwa njia aliyoitoa August Köhler mwaka 1893. Hii ndiyo hatua inayorukwa katika vyuo vingi, nasi tunailipa kwa picha mbaya. Utaratibu ni huu:

1. Tazama kielelezo kwa lenzi ya 10 mpaka kiwe wazi.
2. Funga kabisa dayaframu (tundu la mwanga linalopanuliwa na kufinywa) iliyo juu ya taa, mpaka ubaki na duara dogo la mwanga.
3. Pandisha au teremsha kondensa mpaka ukingo wa duara hilo ukate vizuri.
4. Lisogeze duara katikati kwa skrubu mbili za kondensa.
5. Fungua dayaframu ya taa mpaka ukingo utoke kidogo tu nje ya eneo unaloliona.
6. Chomoa lenzi moja ya jicho, chungulia ndani ya mrija, na ufunge dayaframu ya kondensa mpaka mwanga ujaze karibu robo tatu ya duara.

Hatua ya sita irudiwe kila lenzi inapobadilishwa. Mwanga ukiwa mkali, punguza taa. Usiteremshe kondensa, kwa sababu ukiiteremsha unaipora lenzi uwezo wake. Hapa ndipo mahali pa kumweleza mwanafunzi alichoonyesha Ernst Abbe mwaka 1873: umbali mdogo kabisa kati ya nukta mbili zinazoweza kutenganishwa ni urefu wa wimbi la mwanga ukigawanywa kwa mara mbili ya ile namba ya lenzi inayoeleza uwezo wa kukusanya mwanga. Kwa mwanga wa kijani wa nanometa 550 na lenzi ya 100 yenye 1.25, jibu ni nanometa 220. Chini ya hapo, kukuza zaidi kunakupa picha kubwa isiyo na habari mpya. Mwanafunzi akilielewa hilo hatamwuliza tena muuzaji hadubini inakuza mara ngapi. Ataulizia hiyo namba.

Lenzi ya 100 ina sheria moja ambayo haina msamaha: tone la mafuta linalokaa kati yake na slaidi likishawekwa, lenzi ya 40 hairudi juu ya slaidi hiyo mpaka slaidi ifutwe. Lenzi ya 40 si ya mafuta, na ndiyo inayoharibika zaidi katika maabara za wanafunzi kwa sababu hii tu.

Kupima nako kuingizwe ngazi ya kwanza. Slaidi ya kipimo ina milimita moja iliyogawanywa sehemu 100, kila sehemu mikromita 10. Mwanafunzi alinganishe na mistari iliyo ndani ya lenzi ya jicho: kwa mfano, mistari 40 ya jicho ikilingana na sehemu 10 za slaidi, basi kila mstari ni mikromita 2.5 kwa lenzi hiyo. Matokeo ya kila hadubini yabandikwe kwenye mwili wake.

Ngazi ya pili ni kamera na floresensi, kwa wanafunzi wa mradi wa mwisho na wa uzamili. Pamoja na kuendesha chombo, wafundishwe kusoma kwa kujitegemea kisha kulinganisha. Slaidi ya tone nene la damu iliyopakwa rangi ya Giemsa inafaa sana: wawili wahesabu vimelea vya malaria dhidi ya chembe nyeupe 200, wazidishe kwa 8,000 (makadirio ya chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu) na kugawa kwa 200, kila mmoja bila kumwona mwenzake. Majibu yakitofautiana sana, wa tatu anasoma. Somo hilo linamwonyesha mwanafunzi kwamba jicho la mtafiti nalo ni chombo kinachohitaji kupimwa. Slaidi za mafunzo zisiwe na jina wala namba ya mgonjwa.

Ngazi ya tatu ni ya hadubini ya konfokali, inayopiga picha ya kielelezo tabaka kwa tabaka kwa leza, au ya kisasa zaidi, kama mnayo. Hapo mafunzo yawe ya mmoja mmoja, na anayefundishwa alete sampuli zake mwenyewe.

Hatua ya sita: usafi

Kwanza pulizia vumbi kwa puto la mpira. Kamwe usipulize kwa mdomo, maana mate yana chumvi na ukungu. Kisha tumia karatasi laini ya lenzi. Karatasi ya chooni, kanga, na pindo la koti la maabara vina nyuzi na mchanga vinavyokwaruza. Mafuta ya lenzi ya 100 yafutwe kila mwisho wa kipindi: karatasi kavu kwanza, kisha nyingine iliyolowanishwa kidogo kwa dawa ya kusafishia lenzi inayopendekezwa na kampuni ya hadubini hiyo. Zailini, kiyeyushi ambacho bado kinatumika katika maabara nyingi, inayeyusha gundi inayoshikilia vioo ndani ya lenzi. Iondoe chumbani kabisa, hata chupa yake isionekane.

Lenzi isifunguliwe ndani na mtu asiye na ujuzi huo. Balbu ya halojeni isiguswe kwa kidole kitupu, jasho linaipasua. Mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo ndefu, zote zikaguliwe, zipakwe grisi inayofaa kwenye reli, na picha ya slaidi ya kipimo ipigwe kwa kila lenzi na ihifadhiwe kwa kulinganisha na ya mwaka uliopita. Lenzi inayodhoofika utaijua hapo mapema.

Hatua ya saba: picha na kompyuta

Kompyuta ya hadubini isiguswe na flashi za watumiaji. Virusi vya flashi vimeua kompyuta nyingi za maabara kuliko uzee. Wahamishie picha kwenye kompyuta ya pili kwa mtandao wa ndani, na kutoka huko wachukue. Kila faili ibaki katika umbo la awali la kamera au TIFF. JPEG ni ya kuweka kwenye wasilisho tu, kwa sababu inapoteza habari za picha. Kila picha iwe na mstari wa kipimo. Kuchambua, programu ya Fiji, iliyojengwa juu ya ImageJ, ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ndogo. Hakuna sababu ya mwanafunzi kutumia programu ya wizi. Waambie pia wazi kwamba kung'arisha sehemu moja ya picha na kuiacha nyingine ni udanganyifu wa kitaaluma.

Hatua ya nane: fedha

Wanafunzi wa shahada ya kwanza wasilipe. Miradi ilipe kwa saa, na kiwango kitokane na hesabu iliyo wazi kwa wote. Tuseme balbu, mafuta, karatasi za lenzi na huduma ya fundi kwa mwaka vinagharimu shilingi milioni 3.6, na miradi inatumia chumba saa 600: basi saa moja ni shilingi 6,000. Bandika hesabu hiyo ukutani. Kabla ya kupokea hata shilingi, kaa na mhasibu mkuu wa chuo mkubaliane fedha hizo zitarudi vipi kwenye chumba. Zikiingia akaunti kuu bila kifungu chake, balbu ikiungua utasubiri bajeti ya mwaka ujao. Walimu wanaoandika maombi ya fedha za utafiti, iwe kwa tume za sayansi na teknolojia, COSTECH ya Tanzania au NACOSTI ya Kenya, au kwa wafadhili wa nje, waombwe kuweka saa za hadubini kwenye bajeti tangu mwanzo. Na kila chapisho lenye picha kutoka chumbani litaje chumba katika shukrani. Orodha ya machapisho hayo ndiyo utakayoibeba siku ya kuomba chombo kipya.

Msichokuwa nacho, na mnachopewa

Hadubini ya elektroni inataka chumba chake, wataalamu wake na umeme usioyumba. Kwa idara nyingi ni busara kusafiri kuifuata. Africa Microscopy Initiative ina kituo ndani ya Chuo Kikuu cha Cape Town kinachopokea maombi ya watafiti kutoka bara zima, na taasisi za utafiti za icipe (ya wadudu) na ILRI (ya mifugo) jijini Nairobi zina desturi ndefu ya kupokea wanafunzi wa uzamili kutoka nchi jirani. Anayekwenda aende na sampuli zilizoandaliwa na swali lililoandikwa, siyo kwenda kuangalia tu.

Upande wa vyombo vya bei nafuu, fuatilieni OpenFlexure, hadubini ambayo mwili wake unachapwa kwa printa ya 3D na kuendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Ilianzia Uingereza, na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na watengenezaji wa Dar es Salaam wameshiriki kuitengeneza na kuijaribu. Michoro yake ni ya bure. Idara yenye printa na wanafunzi wa uhandisi jirani inaweza kuunda kadhaa kwa ajili ya mafunzo, na mwanafunzi aliyeiunda kwa mikono yake anajua kila kioo kinafanya nini.

Misaada ya hadubini kutoka vyuo vya nje nayo huja. Kabla ya kusema ndiyo, andika barua pepe yenye maswali haya: chombo kimezimwa tangu lini, mwongozo wake upo, balbu na vipuri bado vinauzwa, kinatumia volti 230 au 110, programu yake inafanya kazi kwenye kompyuta ya mfumo gani na leseni yake itahamishwa, nani analipia usafiri na ushuru bandarini, na nani atakuja kukifunga na kumfundisha fundi wetu kwa siku kadhaa. Omba na picha iliyopigwa kwa chombo hicho mwezi huu. Majibu yakiwa mazuri, kiandalie meza kabla hakijafika na mtaje mapema atakayekisimamia. Yasipokuja, shukuru kwa heshima na kataa, maana chombo kisichowaka kitakula nafasi na ushuru, na kitarudi kwenye lile kabati lenye kufuli.